Papi ananya na kulalia humo humo kwenye keji, nshachoka (niko Malindi)

Mtu_wa_Muyeye (Jumapili usiku)

Jamani habarini za saa hizi. Naandika huku pua inawasha na Jik. Nina kijibwa cha kike, wiki kumi sasa, baba Mjerumani (German shepherd) mama mbwa wetu wa koko, nilimchukua kwa jamaa mmoja njia ya kwenda Gede alikuwa na watoto tisa kawafungia kwenye banda la kuku. Tunamwita Pweza maana akishika kandambili haiachi. Namtaka wa ulinzi, nshaibiwa mtungi wa gesi mara mbili mwaka huu.

Shida ni keji. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea ya chuma, ndefu kama kitanda cha mtoto, nikamwekea godoro kuukuu na leso juu, yaani alale kama binti wa watu. Mie natoka saa 12 asubuhi naenda shifti hotelini, narudi saa 9. Nikirudi msiniulize. Amenya, amekojoa, amekanyaga, amelala juu yake na mkia unacheza kama kanipikia biriani. Usiku ni hivo hivo. Kila mahali nasikia mbwa hanyi anapolala, sasa huyu wangu nani alisahau kumwambia?

Na kinachoniua kabisa ni hiki, namtoa nje dakika 20 nzima, ananusa kila mnazi, anafukuza kuku wa watu, hakojoi hata tone. Namrudisha ndani, sijafika hata jikoni nasikia chrrrr. Nshamchapa na kandambili, nshamsugua pua kwenye mkojo kama mzee wangu alivokuwa akifanya na mbwa wetu, wapi.

Halafu mwenye nyumba. Ni bibi wa swala tano, dirisha lake na veranda yangu ni ukuta kwa ukuta. Juzi kaniita kwa upole, "mwanangu, mbwa wa kulinda sikukatazi, lakini harufu hii yanifikia mpaka kwenye msala." Upole huo ndio unaonitisha. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Msaada.

Kaskazi77

Keji tena? Mimi nliposoma kichwa cha habari nikadhani kreti ya soda. Mbwa ni wa kulala nje bwana, si sungura. Kwetu Ganda mbwa anafunzwa adabu na jogoo.

BintiGede

Kaskazi wacha ubishi, mwenzako yuko na kodi mkononi.

Muyeye, umesema keji ni ndefu kama kitanda cha mtoto na papi ana wiki kumi. Hapo tu. Mbwa anachukia kuchafua pale anapolala, hachukii kuchafua chumba cha pili. Wewe umempa chumba na choo ndani. Ananya mwisho ule, analala mwisho huu, anaona nyumba imepangwa vizuri. Chukua kipande cha plaiwudi ukate keji katikati, abaki na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha akilala, basi. Akikua unaisogeza.

La pili hio godoro itoe. Godoro inanyonya, anakojoa inakauka juu chini mkojo umejaa, kwake ni nepi hio.

La tatu hesabu. Watu hupiga hivi, miezi ya papi ongeza moja, hizo ndo saa anazoweza kubana mchana, na hapo ukiwa na bahati. Wako ana miezi miwili na nusu, sema saa tatu kwa shida. Wewe unamfungia saa tisa. Hata mimi ningekunyea.

Mtu_wa_Muyeye

😂😂 haki tena. Plaiwudi ninayo ya mlango wa zamani, kesho naikata. Lakini kazi siwezi kuacha dada.

nahodha_mstaafu

Mimi niko Shela ya Amu. Huku kwetu mbwa si jambo la kila nyumba, sisi ni watu wa punda na paka, ukiamka asubuhi ndia imejaa paka kuliko watu. Lakini nimekuwa askari wa nyumba ya mgeni miaka mingi na alikuwa na mbwa wawili, kwa hivo si mgeni wa mambo haya.

Nataka nseme juu ya huyo bibi kwa sababu naona mwamzungumza kama kikwazo. Sisi ni Shafii, na kwa Shafii mbwa ni najisi nzito, mate yake, mkojo wake, pakipatwa panaoshwa mara saba na moja iwe kwa mchanga. Wako watu wa madhehebu mengine, Maliki kwa mfano, hawaoni hivo, lakini bibi wa Malindi uwezekano mkubwa ni Shafii kama mimi. Mbwa wa kulinda hakukatazi, kakwambia mwenyewe. Kinachomkera ni maji. Unaoshea wapi hio keji? Kama maji yatiririka kwenda upande wake, basi kila siku wamlazimisha aoshe ua wake mara saba na mgongo wake wa uzee. Hamisha mahali pa kuoshea, weka mpaka mbwa asipite barazani kwake, kisha nenda mwenyewe ukamwambie "bibi nimefanya hivi na hivi." Usitume mtoto.

Mtu_wa_Muyeye

Mzee shikamoo. Walahi sikulifikiria hilo, naoshea kwenye bomba la nje na maji yanapita mbele ya mlango wake kabisa. Naona haya sasa.

Mtu_wa_Muyeye (Alhamisi)

Ripoti. Maji nshahamisha, nachimbia shimo nyuma kwenye muarobaini. Bibi kanijibu "haya baba" na hajasema zaidi.

Keji nimekata, godoro nimetoa. BintiGede dada yangu, imekuwa MBAYA ZAIDI. Saa hizi hana pa kukimbilia kwa hivo ananya na kukaa ndani yake kama mtu yuko kwenye beseni. Leo nimemkuta mpaka masikioni. Mke wangu kaenda kwao Kakuyuni kwa siku mbili, anasema anaenda kumuona mamake lakini mimi najua.

BintiGede

Eeh pole. Ngoja. Umesema alifungiwa banda la kuku na wenzake, wote tisa? Hapo nimekosea kukupa dawa ya mbwa wa kawaida. Papi akiwa mdogo sana mama yake anamsafishia, akianza kutembea vizuri, kama wiki tatu nne hivi, anaanza mwenyewe kujisogeza mbali na pa kulala akienda haja. Hio ni tabia anazaliwa nayo. Lakini akifungiwa pahali padogo ambapo hakuna pa kusogea, wiki kwa wiki, tabia inakufa, anazoea kwamba kulala na kunya ni pahali pamoja. Huyo wako amesoma shule hio mpaka alipofika kwako. Keji ndogo peke yake haimfunzi kitu, itakuwa inamkumbusha banda.

mama_wa_watatu

Nimesoma uzi wote kimya lakini kuna kitu mmekipita na mimi kinanisumbua tangu jana.

Mdogo wangu, umeandika mwenyewe kwamba nje hakojoi dakika 20, ukimrudisha ndani ukimgeuzia mgongo anakojoa hapo hapo. Na mstari unaofuata umeandika unamchapa na kandambili. Soma hizo sentensi mbili pamoja.

Mbwa hajui kwamba unamchapa kwa sababu ya PAHALI. Anajua kwamba mkojo ukitoka na wewe upo, anapigwa. Basi. Kwa hivo nje, wewe umesimama na kamba mkononi unamwangalia, anabana mpaka anatetemeka. Akirudi ndani, wewe huoni, anafungulia. Kwa akili yake yeye ndie mwenye adabu, hakojoi mbele ya mwenye nyumba! Na zile za kumsugua pua ukirudi saa 9 kwa mavi ya saa 4, yule hajui hata unazungumzia nini, anaona tu kwamba ukiingia wewe na mavi yako chini, kuna kipigo. Ile sura ya kuinama masikio nyuma watu husema "anajua kosa lake" ni woga tu.

Nilikuwa na mmoja hivo hivo, nilimchapa mimi mwenyewe, ikanichukua mwezi kumrudisha. Alikuwa anajificha nyuma ya pipa la maji kunya.

Mtu_wa_Muyeye

Dada kwa heshima zote, mbwa wa mzee wangu walichapwa na hawakuwahi kunya ndani hata siku moja.

mama_wa_watatu

Walikuwa wanalala ndani?

Mtu_wa_Muyeye

...

Walikuwa wanalala shambani.

Kaskazi77

😂😂😂😂 uzi ufungwe

dawa_ya_ngombe

Usifungwe, bado. Mimi ni mtu wa mifugo, natibu zaidi ng'ombe na mbuzi lakini mbwa pia huja. Kabla hamjamaliza kumfunza huyu mtoto naomba majibu. Mavi yake yakoje, magumu au uji? Anakula nini na mara ngapi? Umempa dawa ya minyoo lini? Tumbo limevimba kama ngoma? Anakojoa sana kwa mara moja au vitone vitone kila dakika?

Mtu_wa_Muyeye

Uji, siku nyingine na utando kama kamasi. Ugali na maziwa ya ng'ombe, bakuli linashinda hapo anakula akitaka, jioni mabaki ya mchuzi. Dawa ya minyoo jamaa alisema amempa. Tumbo ni ngoma kweli, mimi nikadhani ameshiba. Kukojoa ni kawaida, mengi.

dawa_ya_ngombe

"Jamaa alisema amempa." Haya.

Watoto wa mbwa karibu wote wana minyoo, ile mirefu myeupe wanaipata kwa mama kabla hata hawajazaliwa, na safura wanaipata kwenye maziwa na kwenye mchanga. Dawa ni kila baada ya wiki 2 mpaka afike wiki 12, halafu kila mwezi mpaka miezi 6. Mara moja haitoshi hata kama jamaa hakudanganya. Mpime uzito kwanza, panda kwenye mizani ukiwa umembeba halafu panda peke yako, toa. Ununue ya mbwa kwa uzito huo, usichukue ya ng'ombe ukakisia nusu kifuniko, nshaona watu wakiua mbwa hivo.

Tena, huu mchanga wetu wa pwani mnyevu mabuu ya safura yanaupenda sana na yanapita kwenye ngozi ya nyayo za watu. Ile mtu anapata mstari mwekundu unawasha unatembea chini ya ngozi, ndio hio. Kwa hivo mavi yaokotwe siku hio hio, na watoto wavae kandambili. Kandambili ina kazi nyingine, umeona.

Maziwa acha. Mbwa wengi wakiacha kunyonya, maziwa ya ng'ombe yanawaharisha, na mwenye kuhara hawezi kubana hata umfunze na nani. Mchuzi pia, kitunguu kina sumu kwa mbwa, kinaharibu damu, na mchuzi wa nazi bila kitunguu huku kwetu haupo. Mpe ugali laini na dagaa au samaki wa kuchemsha umtoe miba, au chakula cha papi cha duka ukiweza, mara tatu au nne kwa siku saa zile zile, dakika 20 ondoa bakuli. Kikiingia kwa saa kitatoka kwa saa, mara nyingi ndani ya nusu saa. Maji usimnyime kwa joto hili, labda uyatoe saa moja kabla ya kulala.

Na akianza kutapika, akagoma kula, au ukaona damu, usirudi hapa kutuuliza, mpeleke siku hio hio. Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa matumbo, inaua papi kwa siku chache. Chanjo amepata?

Mtu_wa_Muyeye

Hajapata. Kesho niko ofu nampeleka. Asante sana daktari.

dawa_ya_ngombe

Basi mpaka amalize chanjo asipelekwe kutembea wanakopita mbwa wa mtaa, virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi na miezi. Choo chake kiwe ndani ya ua wako tu. Ya kichaa atapata akifika miezi 3.

BintiGede

Na Jik Muyeye! Unamwagia Jik juu ya mkojo mbichi? Ndo maana pua inakuwasha, Jik ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya ya kifua. Osha kwanza kwa maji na sabuni ya unga, zile zenye enzaimu zinavunja mkojo wenyewe, halafu siki na maji nusu kwa nusu. Jik ukiitaka iwe mwisho kabisa pakiwa pasafi, usuuze, na isigusane na siki. Harufu ikibaki hata kidogo, kwake ni kibao kimeandikwa CHOO.

mama_wa_watatu

Sasa mpango, maana mwisho wa mwezi unakuja. Keji mchana iache kabisa kwa sasa. Veranda zungushia meshi, keji mlango wazi upande mmoja, upande wa mbali kabisa karai pana la mchanga, chukua mchanga wa pale pale nyuma kwenye muarobaini ndio apajue. Akitaka kwenda haja awe na pa kusogea tena, hio tabia iliyokufa ifufuke. Chakula chake chote mpe NDANI ya keji, ajue ni pa kula. Na tafuta mtu amtoe mara mbili ukiwa kazini, hakuna mtoto wa jirani?

Usiku keji ndogo, kando ya kitanda chako umsikie. Weka alamu kabla hajalia, mara mbili usiku. Mbebe mikononi mpaka nje usimtembeze, akikanyaga sakafu tu anafungulia. Kamba ndefu, wewe geuka uangalie pembeni kama mtu anasubiri tuktuk. Akimaliza hapo hapo kipande cha samaki, sio mkishaingia ndani, hapo hapo. Neno moja kila siku. Asipokojoa dakika 5 mrudishe kwenye keji au mshike mapajani, robo saa mtoe tena. Asiachiwe huru ndani na kibofu kimejaa.

Akikosea, osha, nyamaza.

Kaskazi77

Mara mbili usiku? Mimi mtoto wangu wa kuzaa sikumuamkia mara mbili.

mama_wa_watatu

Mkeo aliamka.

Mtu_wa_Muyeye (wiki moja baadae)

Minyoo ilitoka jamani sitaki kueleza, ni kama tambi za idi. Siku ya tatu mavi yakaanza kushikana. Chanjo ya kwanza kapata, kadi ninayo.

Kijana wa jirani darasa la sita yuko likizo, namlipa shilingi 50 kwa siku, saa 4 na saa 7 anamtoa. Na hapa nimepata jibu la mama_wa_watatu maana kijana siku ya KWANZA Pweza kamkojolea nje mbele yake bila wasiwasi. Mimi bado ananibania. Yaani ni mimi. Nilikaa pale kwenye ngazi nikamuangalia yule mtoto anampa dagaa, nikaona vibaya kidogo siwezi kusema uongo.

Karai la mchanga siku mbili za kwanza alilala ndani yake. Siku ya tatu alilala kwenye keji na mavi yakawa kwenye karai. Nimepiga picha ya mavi nikamtumia mke wangu Kakuyuni, mtu na akili zake timamu.

mama_wa_watatu

Alirudi?

Mtu_wa_Muyeye

Alirudi jioni hio. Na samaki.

nahodha_mstaafu

Alhamdulillah. Na bibi je?

Mtu_wa_Muyeye

Kimya mzee. Napita namsalimia, anaitika vizuri. Usiku alamu ya pili nimefuta, naamka na adhana ya alfajiri ile ya saa 11, msikiti uko nyuma yetu hapa, ikianza tu Pweza mwenyewe anakaa wima kwenye keji anasubiri. Kwa hivo ni mara moja saa 8 usiku na mara moja adhana.

Mtu_wa_Muyeye (wiki ya tatu)

Usiku sita keji kavu. Na Jumanne, baada ya siku 17, KANIKOJOLEA NJE mimi mwenyewe. Nilikuwa nimempa mgongo naangalia simu nikasikia chrrr kwenye mchanga, sikugeuka, nikarusha dagaa nyuma kama mtu anatupa mbegu za embe.

Isiwe kama nawadanganya, Jumatano mvua ilipiga usiku kucha akagoma kutoka, nilimbeba na mwavuli akanitazama kama mwendawazimu, tukarudi, akanya chini ya meza. Nimeosha nimenyamaza. Na kazini wakinibadilishia shifti ya usiku sijui itakuwaje, hio tutaletana tena hapa.

Mwisho wa mwezi ilikuwa jana. Nimepeleka kodi, nikasimama nikisubiri aseme. Bibi kahesabu pesa, kakunja kwenye leso, kaniuliza "yule mbwa umemuuza? Mbona siku hizi simsikii?" Nikamwambia yupo bibi, amelala. Akasema "hm." Nikaondoka haraka kabla hajafikiria zaidi.

BintiGede

🎉🎉 Hio "hm" ni mkataba wa mwaka mzima.

dawa_ya_ngombe

Chanjo ya pili usisahau. Na dawa ya minyoo wiki hii tena.

Kaskazi77

Sawa hongera. Hio plaiwudi ulikata futi ngapi? Nauliza tu.

Mtu_wa_Muyeye

Yangu ilibaki futi mbili na nusu, lakini mpime wako kwanza, asimame, ageuke, alale amejinyoosha. Kwani jogoo kaenda wapi?

Kaskazi77

Kaliwa.